Onyo litangulie kizuizi
Sikubaliani na hoja kwamba kompyuta ikatae kuwaka kila inapokuta mseto wa vipuri ambao mtengenezaji hakuuidhinisha. Kuzuia kunafaa pale tu ambapo madhara ni ya hakika: RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) za vizazi vya DDR3 na DDR4, kwa mfano, zina pengo mahali tofauti kwenye ukingo wa meno yake, hivyo moja haiingii katika nafasi ya nyingine, na ni sawa kabisa, kwa kuwa ya kwanza hutumia volti 1.5 na ya pili 1.2. Lakini mseto ambao haujajaribiwa si lazima uwe mbovu. Mwaka 2017 kampuni ya Intel ilitoa prosesa (chipu kuu ya kompyuta) za kizazi cha 8 kwa soketi, yaani tundu la kuzichomekea, ya LGA 1151 yenye umbo lilelile la awali, ikadai ubao mama (ubao mkuu unaobeba vipuri) mpya kwa sababu za umeme. Hata hivyo, watu walirekebisha BIOS (programu inayoiwasha kompyuta) za mbao mama za zamani na baadhi ya prosesa hizo zikafanya kazi. AMD, kampuni nyingine ya prosesa, nayo ilitangaza Mei 2020 kwamba mbao mama za aina ya B450 na X470 hazitapokea prosesa zake za kizazi cha Zen 3, kisha, wateja walipolalamika, ikabadili uamuzi mwezi huohuo. Ninachotaka ni onyo la wazi wakati wa kuwasha, linalotaja kipuri chenyewe na kueleza kwamba waranti haitahusika, kisha mwenye mashine aachiwe uamuzi wa kuendelea. Kuhusu joto, ambalo wengi hulihofia, prosesa za kisasa hupunguza kasi na hata kujizima zinapochemka kupita kiasi, bila kutegemea orodha yoyote ya vipuri vilivyoidhinishwa.