Bastola isiyo na sefti pembeni

Kaka, umeuliza kama bastola mliyokabidhiwa lindoni hapo Tabora ni mbovu kwa kuwa haina sefti (kizuizi cha kufyatua) ubavuni. Hapana, si mbovu. Kama ni Glock, ndivyo ilivyotoka kiwandani. Tazama triga, pale unapovuta kwa kidole: katikati ina kilimi chembamba. Kisipobonyezwa, triga hairudi nyuma, na ndani kuna vizuizi vingine viwili. Nyundo, ile inayogonga ili risasi itoke, haina kabisa. Waliopitia mgambo wakazoea SMG, bunduki yenye sefti ubavuni, lazima washtuke.

Bastola nyingine ziko tofauti. Beretta 92FS ina nyundo ya wazi, na sefti yake iko juu kwenye slaidi, ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma. Ukiishusha, nyundo inalala bila kufyatua. Kwa risasi ya kwanza mvuto wa triga ni mrefu na mzito, kwa zinazofuata ni mwepesi. Inayochanganya wengi ni SIG P226: kile kiwiko cha kushoto juu ya mpini si sefti, kazi yake ni kulaza nyundo tu. Colt 1911 ina sefti kwenye fremu na nyingine mgongoni mwa mpini, na haifyatuki mpaka nyundo iwe imekokiwa, yaani imevutwa nyuma.

Hiyo yenu usiichunguze peke yako zamu ya usiku. Mtunza silaha achomoe magazini, avute slaidi, atazame chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa), ndipo akuonyeshe.