Kidonge cha Goti Hakijui Goti

Mamangu anakaa ghorofani, Mkomani, na ngazi za nyumba za kale za Lamu mnazijua: nyembamba, zimesimama wima, na kila kipandio kina kimo chake. Magoti yamemuuma miaka mingi. Presha pia anayo, na dawa zake za presha hazikosi. Mwezi wa Shaabani nilimkuta ameketi dakani na makubadhi mkononi, yamekataa kuingia. "Maguu yavimba," akanambia. "Mai tu hayo, yatashuka."

Hayakushuka. Siku ya tatu kichwa kikaanza kumgonga, tukamshusha ngazi taratibu, tukamkodia punda hadi hospitalini. Presha ilikuwa 182 kwa 104. Daktari, kijana mpole, akamuuliza: "Mama, ukiacha dawa zetu, kuna kitu kingine unameza?" Mama akajibu hakuna. Hakusema uongo. Kwa akili yake, aliulizwa habari za presha.

Nyumbani nikafungua mkebe wa biskuti anaoweka dawa zake. Mlikuwa na diklofenaki karatasi tatu, moja imebaki vidonge viwili. Shoga yake wa Langoni alimwambia zinasaidia magoti, akamtuma mjukuu dukani, naye muuzaji akatoa bila kuuliza ni za nani. Mama alikuwa akimeza asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Magoti, kwa kweli, yalikuwa yamepoa.

Mimi si daktari. Ni mtoto wa mgonjwa aliyerudi hospitalini na ule mkebe na kuuliza maswali mpaka watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaguna. Haya niliyoelewa ndiyo ninayotaka kuwapa.

Kidonge hakijui goti. Kinashuka tumboni, kinaingia kwenye damu, na damu inakipeleka kila mahali. Mwili unapoumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo ndizo zinazochochea uvimbe, joto na maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni (wengi tunaiita Brufen) na aspirini huzuia kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, kinachozitengeneza. Mwingereza John Vane ndiye aliyeonyesha jambo hili mwaka 1971, na mwaka 1982 akapata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake. Watu walikuwa wameshameza aspirini miaka sabini na zaidi kabla ya kujulikana inafanyaje kazi!

Tatizo ni kwamba prostaglandini hizo hizo zina kazi nyingine ambazo ni za heri. Tumboni zinalinda ukuta usichomwe na asidi, ndiyo maana wanaomeza dawa hizi ovyo huishia na vidonda vya tumbo, na wengine hutoa choo cheusi kama lami, ambacho ni damu. Kwenye figo zinasaidia mishipa ibaki wazi ili damu ifike ya kutosha. Ukizizima, figo inashikilia chumvi na maji. Maji yale yakashuka kwenye miguu ya mamangu, na presha ikapanda.

Sasa tazama dawa zake za presha. Alikuwa na enalaprili, inayolegeza mishipa, na hidroklorothiazidi, inayoziamuru figo zitoe chumvi na maji kwa mkojo. Yaani asubuhi anameza kidonge cha kutoa maji, na juu yake anameza kingine cha kuyazuia. Daktari alituambia kibaya zaidi: zikikutana hizo tatu, enalaprili, dawa ya mkojo na dawa ya maumivu ya jamii ya diklofenaki, figo zinaweza kuumia hasa, na mzee aliyekaukiwa maji ndiye aliye hatarini kuliko wote. Akahesabu siku zilizobaki kuingia Ramadhani, akatikisa kichwa.

Diklofenaki ikasimamishwa, akapimwa damu ya figo, na Alhamdulillahi zilikuwa salama. Miguu ilirudi ndani ya wiki moja na kitu. Dawa za presha hakuacha hata siku moja, na hilo naliweka wazi kwa sababu jirani mmoja aliposikia kisa alitaka kuzitupa zake.

Kwa magoti alipewa parasetamoli, ambayo haigusi tumbo na figo kama zile. Lakini nayo ina mlango wake wa hatari, nao ni ini. Mtu mzima wa kawaida anameza vidonge viwili vya miligramu 500, anasubiri muda wa saa nne hadi sita, na kwa saa 24 visizidi vinane. Mzee mwembamba au mwenye ugonjwa wa ini apunguziwe, amuulize daktari. Anayezidisha anaweza kujiona mzima siku ya kwanza, huku ini linaharibika kimya kimya. Na kuzidisha ni rahisi kuliko unavyodhani, maana Panadol ni parasetamoli, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli humo humo. Mtu anameza mbili za kichwa, mbili za mafua, akidhani ni dawa mbalimbali. Ndiyo maana siku hizi sisomi tena jina kubwa la kwenye boksi. Nasoma lile dogo lililo chini yake, lenye idadi ya miligramu. Nikiwa sijavaa miwani namwomba muuzaji anisomee, na akikunja uso nahamia duka jingine.

Kwenye mkebe ule mlikuwa pia na vidonge vya rangi mbili, masalio ya dozi ya antibayotiki ambayo hakuna aliyekumbuka ilikuwa ya nani. Hizo huua bakteria. Mafua ni virusi, hayasikii antibayotiki hata umeze kopo zima. Nilizirudisha dukani wazitupe wao.

Ramadhani ilipoingia ratiba ikabidi ibadilike. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, hilo Mama analijua kuliko mimi, ila alitaka kufunga na daktari alimkubalia kwa masharti. Dawa ya mkojo ilihamishwa kutoka asubuhi hadi baada ya futari. Ukiimeza kwenye daku, unapoteza maji mchana kutwa na huna ruhusa ya kunywa tone. Ukiimeza jioni utaamka kwenda msalani, lakini baada ya tarawehe nani analala mapema? Niliyoyaona kwa wengine ni mabaya zaidi: dozi ya mara tatu kwa siku ikafungwa yote kwenye futari moja. Usifanye. Mwambie daktari kabla ya mwezi kuandama kwamba unafunga, kwa kuwa mara nyingi ipo dawa ya mara moja au mara mbili kwa siku inayoweza kushika nafasi yake.

Neno dogo kwa sisi wa pwani kuhusu mahali pa kuweka dawa. Dirishani jua linaingia, jikoni kuna mvuke, na kwa hewa yetu hata chumvi haikauki. Aspirini ya Mama ilikuwa imetolewa kwenye karatasi yake na kutiwa kwenye kichupa cha zamani cha manukato. Nilipofungua ikanuka siki. Harufu hiyo ni aspirini iliyovunjika kwa unyevu, haifai tena. Acha vidonge kwenye karatasi zake mpaka saa ya kumeza.

Halafu kuna habari ya kikohozi. Tangu mwaka uliopita Mama alikuwa na kikohozi kikavu, cha kukera usiku, kisicho na makohozi wala homa. Tulilaumu vumbi, tukalaumu feni, tukalaumu upepo wa kusi. Tangawizi na asali vilipita, na chupa mbili za dawa ya kikohozi zikaisha. Nilipoutua mkebe mezani kwa daktari, chupa ya tatu ilikuwamo, akaiokota na kuuliza ni ya nini. Kumbe enalaprili na ndugu zake huwaletea baadhi ya watu kikohozi cha namna hiyo, pengine wiki au hata miezi baada ya kuanza. Akambadilishia, akampa losartani, inayofanya kazi kwa njia iliyo karibu na ile lakini haina tabia hiyo ya kukohoza.

Wiki ya tatu usiku ukawa kimya. Ile chupa ya tatu iko rafuni hadi leo, haijafunguliwa.