Barua kwa mwanangu: nani atapanda melini kuangalia?

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana, na baba yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ya kwanza niliisoma kwa pupa. Unasema umepata nafasi ya utarajali wa miezi sita Geneva, katika kitengo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, kinachoshughulikia wafanyakazi wa uchukuzi na mabaharia. Na unaniuliza: mtu ambaye hajawahi kulala melini hata usiku mmoja ana haki gani ya kukaa ofisini akiandika habari za mabaharia? Na kama kazi yenyewe ni karatasi kuzaa karatasi, si afadhali uchukue ile kazi ya benki?

Nianze na hilo la haki. Mimi pia sikuwahi kuwa baharia. Nilikuwa karani wa malalamiko katika chama cha mabaharia, na meza yangu ilikuwa nchi kavu tangu siku ya kwanza hadi nilipostaafu. Sikumbuki baharia aliyeniuliza kama nimewahi kushika usukani. Waliniuliza: hela yangu iko wapi? Mkataba wangu umekwisha, mbona sirudishwi nyumbani? Huyu wakala aliyenitoza pesa ili anitafutie meli, ana ruhusa hiyo? Walimtaka mtu anayejua kifungu kipi kinambana nani. Hayo ya kulala melini walikuwa wanayajua wenyewe, tena kupita kiasi.

Kwa hiyo haki unayo. Linalonitia wasiwasi ni kama utajua kusoma kinachotokea baada ya kifungu kuandikwa, na hilo halifundishwi sana vyuoni.

Kuna karatasi moja nataka uijue kabla hujapanda ndege. Ni jedwali la saa za kupumzika. Kila baharia ana lake la kila mwezi: tarehe zinashuka chini, saa zinakwenda kulia, kila saa imekatwa nusu mbili, naye anatia alama kuonyesha alipofanya kazi na alipopumzika. Anasaini yeye, anasaini na nahodha au aliyepewa madaraka hayo na nahodha, na baharia anapewa nakala yake. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unasema mapumziko yasipungue saa 10 katika kila saa 24, wala saa 77 katika siku 7. Hizo saa 10 zinaweza kukatwa mafungu mawili tu, na fungu moja lisipungue saa 6. Nchi ikipenda inaweza kuhesabu kwa upande wa kazi badala ya mapumziko, yaani zisizidi 14 kwa siku na 72 kwa wiki. Kifungu safi kabisa.

Sasa nikueleze majedwali yaliyokuwa yakinifikia mezani. Mwezi mzima umejazwa kwa kalamu moja, alama zote zimelala upande mmoja, toka tarehe mosi hadi 31, hakuna siku wino umefifia wala mkono umetetemeka. Siku ambayo meli imeingia gatini alfajiri, ikafungwa kamba, ikapakua kutwa, ikang'oa nanga usiku uleule, jedwali linaonyesha serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa staha, amelala saa zake 10 sawasawa na siku walipokuwa katikati ya bahari. Ukifungua kitabu cha kumbukumbu za safari ukaweka pembeni, unaona serahangi huyohuyo alikuwa kwenye staha saa ileile anayodaiwa kuwa kitandani. Chuo Kikuu cha Bahari Duniani kilichoko Malmö kilichapisha utafiti mwaka 2020 kuhusu jambo hilihili, na kikakuta kurekebisha majedwali ni mazoea yaliyokubalika melini. Mimi sikushangaa hata kidogo.

Na usidhani mabaharia ni waongo kwa asili. Watu ni wachache melini, kazi ni nyingi, na akiandika ukweli meli inaweza kukamatwa bandarini, kisha lawama zinamrudia yeye: kwa nini hukupanga kazi vizuri? Mkataba wake unakwisha, hapigiwi simu tena. Katika hali hiyo, kusaini uongo ndiyo njia ya kulinda mkate wake.

Ndiyo maana kila rasimu utakayopewa uisome ukiwa na swali moja: nani atapanda melini kuangalia, na atakuta nini? Usiogope kuonekana mjinga kwa kuliuliza. Wakubwa wengi mezani hapo wanalikwepa kwa sababu jibu lake lina gharama.

Lakini nisikukatishe tamaa, maana kuna mahali swali hilo lilijibiwa, na lilijibiwa hukohuko Geneva, mji usio na bahari. (Siku zote nimeona ajabu kwamba mabaharia wa dunia nzima wanaandikiwa sheria kando ya ziwa.) Ule mkataba wa 2006 ulipitishwa tarehe 23 Februari mwaka huo kwa kura 314 bila hata moja ya kupinga, waliojizuia wakiwa wanne. Ulikusanya mikataba 37 ya zamani ambayo nchi nyingi zilikuwa zimeridhia vipandevipande, na ukaanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Kilichoupa meno ni mambo mawili. La kwanza, meli ya tani 500 au zaidi inayosafiri kimataifa lazima iwe na cheti kinachoonyesha masharti ya kazi yamekaguliwa. La pili, ambalo mimi ndilo nalipenda, nchi iliyoridhia inaweza kuikagua meli ya kigeni inayotia nanga bandarini mwake hata kama bendera ya meli hiyo, yaani nchi ilikosajiliwa, ni ya nchi isiyoridhia, na meli hiyo haipewi nafuu yoyote kuliko wenzake. Mwenye meli aliyezoea kukimbilia bendera ya nchi isiyomuuliza chochote akakuta anaulizwa mlangoni. Shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, lililozaliwa London mwaka 1896, lilikuwa likipigana na bendera hizo za kukodi tangu 1948.

Kisha kuna suala la kutelekezwa. Hili nitakaa nalo kidogo kwa sababu lilinikosesha usingizi miaka mingi. Kampuni inafilisika, au inajifanya imefilisika, simu haipokelewi, na mabaharia wanabaki melini nje ya bandari. Mafuta ya jenereta yanakwisha, chakula kinaoza kwenye majokofu, maji ya kunywa yanapimwa kwa chupa. Watu wengine wanajiuliza mbona hawashuki tu. Kushuka, mara nyingi, ni kuachia dai lako la mshahara, na hata ukitaka kushuka, bandari inaweza kukataa kwa sababu meli haiwezi kuachwa bila watu. Kabla mkataba ule haujarekebishwa, nilichoweza kufanya ni kupiga simu, kuandika barua na kuomba taasisi za dini za mabaharia zipeleke mchele.

Aprili 2014 kamati ya pande tatu, yaani serikali, wenye meli na mabaharia, ilikaa Geneva ikaandika marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 18 Januari 2017. Sasa kila meli inayohusika lazima ibebe cheti cha dhamana ya fedha, na nakala ibandikwe mahali mabaharia wanapoiona, ikiwa na jina la mtoa dhamana na jinsi ya kumpata. Baharia asipolipwa kwa miezi miwili au zaidi anahesabiwa ametelekezwa. Mtoa dhamana analipa mshahara unaodaiwa hadi miezi minne, chakula, maji, matibabu ya lazima na nauli ya kurudi nyumbani. Unaona walivyofanya? Swali la nani atalipa lilijibiwa ndani ya kifungu, na namba ya kupiga ikabandikwa ukutani. Visa vya kutelekezwa bado vipo, tena vimezidi miaka ya karibuni, na anayedai mwaka mzima bado analia na miezi minne yake. Hata hivyo, baharia aliyekuja kwangu baada ya 2017 alikuja na picha ya cheti kwenye simu, tukajua pa kuanzia.

ILO na IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, zina orodha ya pamoja ya meli zilizotelekezwa. Ukipewa kazi ya kuisafisha, usiione ndogo. Anzia kwenye namba ya IMO, ile yenye tarakimu 7. Jina la meli hupakwa rangi likabadilishwa, bendera hushushwa ikapandishwa nyingine, kampuni hufa ikafufuka kwa jina jipya, ila namba ile inakwenda na meli mpaka inapokatwa chuma chakavu. Ukiwa na subira utaona meli moja ikijirudia.

Usije ukarudi na imani kwamba kifungu kizuri kinatosha. Mwaka 2020 vifungu vyote hivi vilikuwepo, na bado serikali zilifunga bandari na viwanja vya ndege kwa ajili ya korona, mabaharia wapatao 400,000 wakakwama melini huku mikataba yao imekwisha. Wale wale waliokuwa wakileta dawa na nafaka. Desemba mwaka huo kamati ya wataalamu ya ILO ikasema waziwazi kwamba serikali zilishindwa kutimiza mkataba. Kusema hivyo kulisaidia vyama kudai. Hakukumshusha mtu melini siku ileile.

Kitengo chako kina jina la uchukuzi, na hofu yangu ni kwamba bahari itakumeza. Huko kuna utajiri wa sheria. Upo hata mshahara wa chini wa baharia mwenye ujuzi unaopatanwa kimataifa, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola 673 kwa mwezi. Wavuvi wao waliachwa nje ya mkataba wa 2006, wakapata wao namba 188 wa mwaka 2007. Lakini dereva wa lori? Mkataba wake, namba 153 wa 1979, unasema asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki. Nchi zilizouridhia ni chache mno. Mwaka 2019 wataalamu walikaa wakatoa mwongozo wa kazi zenye staha na usalama barabarani, mzuri kwa kweli, ila mwongozo haumfungi mtu. Dereva na tandiboi wake wanapolala chini ya lori mpakani kwa siku kadhaa wakingoja karatasi, hakuna anayejua saa hizo zihesabiwe kazi au mapumziko. Wakikupa nafasi ya kuchagua mada ya kuandika, chagua hiyo. Mpaka ni mahali lori husimama kama meli inavyosimama bandarini, na sijaona bado mtu aliyelitumia hilo ipasavyo.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. ILO inawalipa watarajali posho. Si kila taasisi hufanya hivyo. Mwaka 2015 kijana mmoja mtarajali asiyelipwa katika Umoja wa Mataifa alionekana akilala kwenye hema kando ya ziwa hilohilo la Geneva, dunia nzima ikasoma habari yake. Posho hiyo ni ya kuishi, haina akiba, na utarajali hauahidi ajira. Ukienda, nenda ukijua hivyo. Mimi kama mama yako nasema nenda. Benki zitakuwepo mwakani.

Ukifika, tafuta mkutano mmoja wa pande tatu uombe kukaa nyuma ya chumba. Tazama upande wa mabaharia wanavyokaa kimya wakati wenye meli wanaongea, kisha jioni uone rasimu imebadilika wapi. Mengi yanaamuliwa kwenye vikao vya kando, na waandishi wa taarifa ndio huona yote.

Kabla hujasaini, waulize kwa maandishi bima ya afya ni juu ya nani na chumba utapata wapi, kwa sababu vyumba Geneva ni shida. Majibu yakija, nitumie nakala.

Mama yako.