Maswali na Majibu: Mnyama Adimu Asitoke kwa Kura

Swali: Kaka, habari za kazi? Natengeneza gemu ya kuwinda kwa Godot (programu ya kutengenezea gemu), niko peke yangu, na ramani yangu ni ya visiwa vya Svalbard. Nataka kuongeza wanyama adimu wa kaskazini: ng'ombe wa miski (muskox), mbweha wa Aktiki na kulungu wa Aktiki (caribou). Nimeandika skripti inayopiga kura ya bahati nasibu kila baada ya dakika 10, na kila mnyama ana asilimia 2 ya kutokea. Wanaonijaribia wanalalamika: mmoja kacheza wiki nzima hajaona kitu, mwingine kamwona mbweha kabla hajatoka kambini. Halafu ng'ombe wa miski nimempa akili ya swala, anakimbia tu, wala sioni utamu wake. Nirekebishe wapi?

Jibu: Tuanze na ramani, mdogo wangu. Ng'ombe wa miski walipelekwa Svalbard mwaka 1929 kutoka Greenland, lakini kufikia miaka ya 1980 walikuwa wametoweka wote. Kama gemu yako ni ya leo, hamia Greenland ya magharibi, kwenye mabonde ya Kangerlussuaq. Huko wote watatu wapo. Ng'ombe wa miski wenyewe walihamishiwa pale kutoka mashariki ya kisiwa, 27 tu, kati ya 1962 na 1965, na sasa ni maelfu. Kwa hiyo uadimu usiuweke kwenye kundi zima, uweke kwa dume mzee mmoja anayetembea peke yake.

Sasa hiyo kura. Ukiifanya asilimia 1 au 5, malalamiko yatabaki yale yale. Piga hesabu: mtu akicheza kwa saa 10, hizo ni kura 60. Nafasi ya kukosa zote ni 0.98 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 60, karibu 0.30. Katika wachezaji 100, kama 30 watamaliza saa hizo 10 bila kumwona, na wengine 11 watamwona ndani ya saa ya kwanza. Wote hao hawakufanya lolote la kumpata wala la kumkosa, na hilo ndilo linalowaudhi. Mwindaji hufuata nyayo. Mpe nyayo za kufuata.

Futa kura. Gemu inapoanza, weka mbweha sita, kila mmoja na pango lake. Mbweha asiyeonekana hahitaji modeli wala uhuishaji. Ni mstari mmoja kwenye jedwali, wenye mahali alipo, njaa yake na anakoelekea. Kila dakika msogeze kidogo, na uandike alama alizoacha: mahali, upande aliokwenda, wakati. Mchezaji akikaribia mita 400 ndipo upakie modeli, na iwe nyuma ya mwamba au kilima, kamwe isiwe mbele ya macho yake. Theluji ikianguka, nyayo zififie polepole. Hata simu ya bei ya chini itawabeba mbweha sita wa namna hii bila taabu.

Kumbuka pia kwamba mbweha huyu hula mizoga. Mchezaji akipasua kulungu na kuacha matumbo pale pale, sehemu hiyo iingize kwenye jedwali iwavute mbweha walio karibu. Akirudi kesho yake akute theluji imekanyagwakanyagwa, kipande cha utumbo kimeburutwa hatua kadhaa, na mstari wa nyayo ndogo unashuka kuelekea mtoni. Hapo ameshaanza kuwinda, kabla hata ya kumwona mnyama mwenyewe.

Ng'ombe wa miski ndiye anayenigusa zaidi, maana hapo ndipo wengi tunapokosea. Mimi mwenyewe nilipomtengeneza mara ya kwanza nilichukua kiunzi (mifupa ya modeli) na akili ya mnyama mwingine nikambadilisha ngozi tu. Ikawa vibaya, kwa sababu huyu akitishwa na mbwa mwitu hategemei mbio. Kundi hukusanyika, mara nyingi mahali palipoinuka kidogo, wakubwa wanaelekeza pembe nje na ndama wanabaki nyuma yao. Adui akiwa mmoja wanapanga safu kumkabili. Adui wakizunguka, safu inajikunja kuwa duara. Mara moja moja mmoja huchomoka kushambulia, kisha anarudi nafasi yake.

Kwenye msimbo si kazi ngumu. Tafuta katikati ya ndama wote, chora duara kuzunguka hapo, gawa nyuzi 360 kwa idadi ya wakubwa (tisa watapata nyuzi 40 kila mmoja), kisha kila mkubwa achukue nafasi iliyo wazi na iliyo karibu naye zaidi. Adui akiwa mmoja, nafasi hizo zibane ziwe upinde unaomtazama yeye. Wasifike wote kwa wakati mmoja. Mwache mmoja achelewe, asukume mwenzake, ageuke. Wakisongwa sana, ndipo hali ibadilike na kundi zima litimke.

Ila ujue kwamba ngome hiyo inazuia mbwa mwitu, haizuii risasi. Wenye bunduki waliwakuta wamesimama wakawamaliza kundi zima, na ndiyo maana Kanada ilipiga marufuku kuwawinda mwaka 1917. Basi usimpe mchezaji alama kwa idadi. Mpe kibali cha mnyama mmoja, tena dume, na kazi yake iwe kumtambua. Kwa darubini atazame paji la uso: dume mkubwa ana pembe nene zilizokaribia kukutana katikati, na kwa jike kuna ukanda wa nywele kati ya pembe na pembe.

Manyoya yake marefu karibu yafike chini, kwa hiyo usipoteze siku nyingi kwenye uhuishaji wa magoti. Panga vipande bapa vya nywele kuzunguka tumbo, na kila kimoja kichelewe kidogo nyuma ya mwendo wa mwili. Akisimama ghafla, sketi ile iendelee kuyumba mara moja kabla haijatulia. Uzito wa mnyama utauona hapo.

Mbweha mweupe wa majira ya baridi na wa kahawia wa kiangazi usiwabadilishe usiku mmoja. Tumia picha moja ya madoa ya kijivu na namba ya msimu inayopanda kutoka 0 hadi 1. Kila pikseli ambayo kiwango chake cha kijivu kimepitwa na namba hiyo, ionyeshe kahawia. Manyoya yatamtoka kwa mabaka, kama inavyotakiwa.

Mwisho kulungu. Kwenye kura yako wanatoka bila kujali msimu, na hilo lina madhara makubwa kuliko unavyodhani. Kwa mnyama huyu majike nao wana pembe. Madume wakubwa huangusha zao baada ya msimu wa kupandana, mwanzoni mwa baridi, na majike wenye mimba huwa nazo mpaka karibu na kuzaa. Mchezaji wako akiona pembe mwezi wa Februari na akadhani ni dume kubwa, huenda anamlenga mama mwenye mimba. Kwenye jedwali ongeza safu mbili, jinsia na umri, na pembe zitokane na hizo pamoja na mwezi wa gemu.