Ukirudi kwenye njia yako ya utotoni, piga hodi kwanza

Njia ninayoisema iko Mwanza, inatoka Igombe kuelekea upande wa Kayenze, inajipenyeza katikati ya majabali huku Ziwa Victoria likiwa kushoto kwako. Niliipita kila likizo nikiwa kwa bibi, mara ya mwisho mwaka 2005. Juni 2024 nikairudia, peke yangu, nikijiamini kwamba miguu inaikumbuka.

Miguu haikukumbuka. Ile sehemu ya chini tuliyokuwa tukikimbilia kuogelea ilikuwa imemezwa na maji. Ziwa lilipanda mno mwaka 2020, likapanda tena 2024, na matete yamehamia tulipokuwa tukicheza. Nikalazimisha kupita humo humo. Usifanye hivyo. Maji ya kina kifupi yenye matete ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na mamba naye hujificha hapo hapo.

Nikapanda juu, nikakuta uzio wa minyaa. Nikausukuma kwa mkono ili nipite, tawi likakatika, utomvu ukaniingia jichoni. Nililia kwa maumivu karibu saa nzima. Minyaa ikikuzuia, zunguka, hata kama unajua kwa hakika kwamba njia ilipita pale.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa akianika udaga, mihogo iliyochachushwa, juu ya jabali. Jabali lenyewe nililijua! Lina bonde dogo kama bakuli, mvua ikinyesha linashika maji, na sisi watoto tulikuwa tukinywea pale kwa kuinama. Sasa lilikuwa jeupe lote kwa mihogo, ile harufu yake kali ya kuchachuka ikifika mbali. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama. Akaitikia, akaninawisha jicho kwa maji ya dumu lake, kisha akauliza lile swali la kwetu: "Wewe ni wa nani?"

Nilipomtaja bibi, kila kitu kilibadilika. Akanieleza shamba lipi limeuzwa, nani amejenga wapi, na kwamba wanaokwenda kuchota maji sasa hupita juu, nyuma ya mwembe. Njia ipo. Imehama na watu wake.

Kwa hiyo, ukienda, ingia asubuhi, wakati wa kiangazi, na usianze na ziwa. Anzia nyumba ya kwanza unayoikuta, salimia, jitambulishe kwa jina la mzee wako, omba mtoto au kijana akusindikize. Vua viatu vya kutembelea mjini, vaa vinavyofunika vidole, maana miiba ya huko haina huruma. Beba sukari au sabuni, usiende mikono mitupu.

Mimi nilikuwa mikono mitupu. Yule mama akanifungia michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye kipande cha kanga, akaniambia kanga niirudishe. Naipeleka Desemba.