Maswali ya Wasomaji: Kuitoa riwaya ya kisayansi kitabuni na kuifanya filamu

SWALI: Nina riwaya ya kubuni ya kisayansi yenye kurasa 380 ninayotaka kuigeuza filamu. Skripti yangu imefika kurasa 210. Sura mbili za mwanzo, zinazoeleza jinsi ulimwengu ule unavyoendeshwa, nimempa msimulizi azisome. Kila anayeipitia anasema inachosha. Nikate wapi?

JIBU: Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo umeandika saa tatu na nusu. Lenga kurasa 110 hadi 120. Hata hivyo, usianze kukata kwenye skripti. Rudi kitabuni na rundo la kadi tupu. Kila tukio linalobadilisha hali ya mhusika mkuu lipe kadi yake: nani anataka nini, nini kinamzuia, mambo yanageukia wapi. Tukio lisiloweza kujaza kadi ni maelezo tu, liweke kando. Filamu ya saa mbili hubeba kama kadi 40 hadi 60. Zikizidi hapo, tafuta wahusika wawili wanaofanya kazi ileile uwafanye mmoja. Kadi kadhaa zitaondoka kwa mkupuo.

Tatizo lako kubwa lakini ni huyo msimulizi. Msomaji akipotea hufunua kurasa za nyuma. Mtazamaji aliye ukumbini hana pa kufunua. Riwaya ya Dune ya Frank Herbert inaishi vichwani mwa watu wake, na filamu ya David Lynch ya 1984 ilijaribu kuibeba hali hiyo kwa kuwanong'onesha wahusika mawazo yao, kitabu kizima ndani ya dakika 137. Ilielemewa. Denis Villeneuve alikigawa kitabu hichohicho katika filamu mbili, 2021 na 2024, akaacha macho na ishara za vidole vifanye kazi ya minong'ono mingi. Filamu ya Blade Runner nayo ilitoka 1982 ikiwa na sauti ya msimulizi. Toleo la 1992 liliiondoa, na kwa maoni yetu hadithi haikupungukiwa na chochote.

Tuseme kitabu chako kinatumia kurasa mbili kueleza kwamba ndani ya chombo hewa hugawiwa kwa kipimo. Kwenye skripti andika hivi: mtoto anawasha kiberiti kwa mchezo. Mama anaruka, anaubana moto kwa vidole vyake vitupu. Hajali kuungua, anatazama mshale wa kipimo ukutani. Umeshuka alama moja. Mtoto anaanza kulia, mama anamziba mdomo. Robo tatu ya ukurasa, hakuna neno lililosemwa, na mtazamaji ameshajua kwamba moto na kilio vyote vinakula hewa.

Ukishaweka kanuni, ikulazimu na wewe. Mtu akivuta sigara kwenye ukurasa wa 70 ndani ya chombo hichohicho, umejivua nguo. Kwa hiyo orodhesha kanuni zote pamoja na ukurasa ambapo kila moja inaonekana mara ya kwanza. Ile inayozuka robo ya mwisho ili kumwokoa shujaa, irudishe mwanzoni au uifute.

Wala sauti si haramu. Katika The Martian ya 2015, mhusika aliyeachwa peke yake Mars anazungumza na kamera ya kumbukumbu, kwa kuwa kitabu chenyewe kiliandikwa kama shajara. Ana sababu ya kusema. Msimulizi wako anayo?

SWALI: Je, lazima nimlipe mwandishi wa riwaya ninayoigeuza filamu, ikiwa nimebadilisha majina na mwisho?

JIBU: Ndiyo, kama kazi bado ina hakimiliki na umechukua mtiririko wa matukio na wahusika wake, majina mapya hayakuokoi. Wazo tupu halina mwenyewe. Njia ya kawaida ni mkataba wa kushikilia haki: unalipa kiasi kidogo ili asiuziwe mwingine kwa muda, mara nyingi miezi 12 au 18, na bei kamili unailipa filamu ikipata fedha. Usaini kabla ya kuandika, si baada.

Kazi za kale ni nafuu. H. G. Wells, mwandishi wa riwaya za kisayansi, alifariki 1946, hivyo nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi ziliziachia kazi zake tangu mwanzo wa 2017. Angalia tu nakala uliyoshika: tafsiri ina hakimiliki yake, na mfasiri huenda bado yu hai.