Misuli kumkaza mwenye sukari usiku: kabla ya ndizi na madafu

Mkuu, umesema mama yako ana sukari mwaka wa 6 sasa, anameza metformini (dawa ya sukari) na kidonge cha presha, na usiku vigimbi vinamkaza mpaka anapiga kelele. Umeshauriwa umpe ndizi na madafu. Subiri kwanza, hili nimelipitia.

Sukari yangu iligundulika 2012. Mwaka wa 4 misuli ikaanza kunikaza, karibu kila usiku kwenye saa 9, kigimbi cha kushoto kinakuwa kigumu kama jiwe. Nikadhani ni uchovu wa shamba. Kumbe sukari ya asubuhi ilikuwa inacheza kwenye 14 na 15 (mmol/L). Sukari ikivuka 10 hivi, figo hushindwa kuirudisha yote kwenye damu. Inatoka na mkojo, na inaondoka na maji pamoja na madini ya mwili: sodiamu, potasiamu, magnesiamu. Misuli ikikosa hayo hukaza ovyo. Nami, kwa kuchoka kuamka kukojoa, nikawa sigusi maji kuanzia saa 11 jioni. Nilikuwa najikausha mwenyewe.

Tena kidonge changu cha presha kilikuwa kimechanganywa na haidroklorothiazidi, yaani dawa ya kukojoza. Sikuambiwa, na sikuuliza. Damu ilipopimwa, potasiamu ilikuwa 2.9, na ya kawaida huanzia 3.5. Daktari akanibadilishia kidonge, sukari tukaishusha taratibu, na baada ya wiki 3 nikaanza kulala hadi asubuhi.

Sasa ona hatari ya hizo ndizi na madafu: vyote vina potasiamu nyingi. Kwangu potasiamu ilipungua. Kwa mama yako huenda imezidi. Sukari ya muda mrefu huchosha figo, na kama kidonge chake ni losartani au enalaprili, potasiamu hubaki mwilini. Ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo. Apimwe kwanza potasiamu na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Na madafu nayo yana sukari.

Halafu muulize vizuri inamkaza wakati gani. Kama ni akitembea, akisimama kidogo inaachia, akianza tena inarudi, hiyo huenda ni mishipa ya damu ya miguu imeziba. Hilo usilikawize, ndilo linaloleta vidonda visivyopona. Kama nyayo zina ganzi au zinawaka moto, neva (mishipa ya fahamu) zimeguswa. Hapo aulizie na vitamini B12, kwa sababu metformini ya miaka mingi huweza kuipunguza. Mimi nilichomwa sindano zake baadaye, ganzi ikapungua sana. Kama anachoma insulini na anaamka ametota jasho, mpime sukari saa hiyohiyo, huenda imeshuka. Dawa za kolesteroli pia huumiza misuli ya baadhi ya watu.

Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Siku ya kliniki mfungashie dawa zote na maboksi yake, hata za kienyeji, daktari azione kwa macho. Ikimkaza usiku huu, mnyooshe goti, shika vidole vya mguu uvivute taratibu kuelekea kwake, ushikilie mpaka kigimbi kilainike.